Tumbo la Zohra wa Temeke

Kabla tumbo halijamshika, Zohra alikuwa mlaji hasa. Hili lisemwe mapema, maana waliokuja kumjua baadaye, akiwa mifupa mitupu ndani ya gauni, hawakuamini walipoambiwa. Alikuwa binti wa fundi bati wa Bagamoyo, amekulia nyumba yenye kelele za nyundo tangu asubuhi hadi jioni na ndugu wengi wa kugombea nao ukoko. Alipoolewa na Zoeb na kuletwa Temeke, mama mkwe wake, Khatija, aliwatangazia majirani kwamba nyumba yake imepata mwali anayekula akashiba. Ilikuwa sifa kubwa. Khatija hakuwapenda wanawake wanaodonoa chakula kana kwamba wanakifanyia hisani.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha si muda mrefu, na Temeke bado nusu ni mji, nusu ni mikorosho. Zoeb alikuwa na duka la vitu vya chuma kando ya barabara: ndoo, makarai, misumari, chemli na tambi zake. Asubuhi wanawake waliotoka Chamazi na mihogo kichwani walipitia hapo kununua, au kuuliza bei tu na kwenda zao. Nyuma ya duka palikuwa na vyumba viwili, ua mdogo na jiko. Humo ndimo Zohra alimoishi utu uzima wake wote, kwa hiyo anayetafuta mambo makubwa katika habari hii asiyatafute nje ya ua huo.

Watu wao, Mabohora, Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, hawali kila mtu na sahani yake. Chakula hupakuliwa kwenye sinia moja kubwa, sinia likawekwa juu ya kigoda kifupi, na watu wa nyumba wakalizunguka wamekaa chini, kila mmoja akila upande wake. Hakuna anayegusa kitu mpaka wote wamekaa na kila mmoja ameonja chembe ya chumvi, wala hakuna anayeinuka wenzake wakiwa bado wanakula. Ndivyo ilivyokuwa kwao Bagamoyo na ndivyo ilivyokuwa Temeke, na Zohra hakupenda kitu chochote katika nyumba ile kuliko saa hiyo. Hapo ndipo Zoeb, mtu wa maneno machache, alipofungua mdomo. Hapo ndipo Khatija alipomsukumia kipande laini cha nyama upande wake bila kusema neno, na yeye akajua anapendwa.

Alipozaliwa Shahbanu, sinia likapata mtu wa nne. Kwanza alikaa mapajani mwa mama yake, kisha akapata mahali pake mwenyewe kwenye mkeka, mikono imejaa mchuzi mpaka viwikoni. Watu wa Temeke wakaacha kumwita Zohra kwa jina lake. Akawa Mama Shahbanu, na duka likawa kwa Baba Shahbanu, na mtoto mwenyewe akawa wa kila mtu, akibebwa na wateja, akipewa karanga na wauza karanga, akirudi ndani ananuka mafuta ya nazi ya watu.

Sasa, kaka yake Zoeb, Gulamabbas, alikuwa na duka Lindi. Yeye na mkewe Tahera walikuwa wameoana miaka mingi na hawakujaliwa mtoto. Tahera alikuwa amekwenda kwa madaktari, akanywa dawa za waganga, akazuru makaburi ya mawalii hadi Bara Hindi, akarudi vilevile. Mwaka ambao Shahbanu alikuwa ameanza kuongea vizuri, walikuja Dar es Salaam kwa maombolezo ya Muharramu. Siku yao ya kuondoka ilipokaribia, wote wamekaa kwenye sinia, Khatija alisema jambo ambalo alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu na kwa nia safi kabisa.

“Zohra, wewe Mungu amekujalia uzazi mwepesi. Utapata wengine. Huyu mpe dada yako Tahera.”

Utauliza kwa nini hakukataa. Unauliza kwa sababu hukuwahi kukaa kwenye sinia lile. Mke wa mtu hampingi mama mkwe mbele ya chakula na shemeji yupo. Tahera alikuwa kando yake, bega kwa bega, tonge limemganda mkononi, hapumui. Zohra alimtazama mumewe, akangoja aseme lolote. Zoeb alikuwa anatazama wali. Kwao, kama ilivyo siku ya ndoa, mwanamke akiulizwa mbele ya watu akanyamaza, huhesabiwa ameridhia. Zohra alinyamaza. Hakuwa ameridhia hata kidogo, ila maneno yalikuwa hayaji, na alipoanza kuyapata Tahera alikuwa ameshaangua kilio cha furaha, ameushika mkono wake anaubusu.

Walimpeleka bandarini kwa teksi. Mtoto alidhani anakwenda kutazama meli tu na kurudi, akawaaga watu wa mtaani kwa kelele na furaha. Zohra hakulia, kwa kuwa aliyetoa kwa hiari hadondoshi chozi, na yeye sasa alikuwa mtoaji kwa hiari, hilo lilikwisha kujulikana mpaka mjini. Kwenye mikusanyiko ya wanawake walimpisha akae mbele. Walimshika mabega, wakamwambia moyo wake ni mkubwa, wakamwombea wengine kumi. Kama mtoto angekuwa amekufa, wangekaa naye matanga, wangemlisha uji kwa kijiko. Lakini hiki kilikuwa kitu cha pongezi, na kwa pongezi mtu hutakiwa kutabasamu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Tumbo lilianza baada ya hapo. Alikuwa akishtuka alfajiri kabla ya adhana, moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho, kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoijua. Chini ya kifua kitu kikajikunja kama nguo inayokamuliwa. Siku nyingine alikwenda chooni mpaka akaishiwa nguvu. Siku nyingine hakwenda kabisa, tumbo likajaa gesi, gauni likambana. Chakula kikipita kooni alikihisi kinashuka kama jiwe. Na wale wengine kumi walioombewa hawakuja, hata mmoja, na mwezi ukapita ukaja mwingine, na Khatija akawa anatazama kamba ya nguo, kama vitambaa vya mwezi vimeanikwa, bila kuuliza.

Hapo ndipo sinia lilipowafanyia hila watu wa nyumba hiyo. Mtu mwenye sahani yake akiacha chakula, sahani inamsengenya. Kwenye sinia hakuna sahani. Zohra alikaa na wenzake, akaonja chumvi na wenzake, akachovya vidole na wenzake, na chakula cha upande wake akakisogeza polepole kwenda pale pengo lilipokuwa, mahali pa mtoto, na kutoka pale kikafika kwa Khatija, ambaye alikula akizungumza na hakuona lolote. Mwisho wa mlo sinia lilikuwa jeupe kama kawaida. Iliwachukua watu wawili wanaompenda muda mrefu sana kugundua kwamba mtu anayekula nao kila siku hali.

Khatija aligundua kwa mikono. Jumapili moja alikuwa anampaka Zohra mafuta ya nywele, kama alivyozoea, kitana kikatoka na fungu zima la nywele, na alipomshika bega amkalishe vizuri akashika mfupa. Bibi huyu hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alimfunua mgongo, akautazama, akamfunika, akaenda jikoni akakaa ameshika tama. Alipotoka huko alikuwa amekwisha kuamua kwamba adui ni tumbo, na kwamba yeye Khatija, aliyezika mume na kulea wanaume wawili peke yake, hatashindwa na tumbo.

Vita vikaanza. Alimpa mvuje kwenye maji moto, akampa habasoda, akamsugua kitovu kwa mafuta ya karafuu. Majirani wa Kiswahili walisema ni chango, wakaleta mizizi ya kuchemsha. Mtu mwingine akasema ni kijicho, maana amesifiwa mno, na Khatija akamzungushia pilipili kavu kichwani akazitupa motoni, nyumba nzima ikakohoa. Na kila Ijumaa asubuhi akamnywesha haluli ya chumvi, bilauri nzima, ili uchafu wote utoke. Zohra alikunywa. Alikunywa kila alichopewa kwa sababu kila bilauri ilikuja na macho ya Khatija yaliyojaa wasiwasi, na hakuwa na moyo wa kuyakataa. Ijumaa jioni alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta.

Kisha ikaja rehema kubwa kuliko zote, na rehema hii ndiyo iliyokaribia kummaliza. Khatija alisema tumbo la mgonjwa lipumzishwe. Lisilazimishwe kukaa mbele ya achari, nyama na sambusa. Akamnunulia sahani ya bati yenye maua pembeni, akawa anampikia wali laini wa choroko, anamtandikia mkeka jikoni, kwenye kivuli na utulivu, ale peke yake kwa nafasi yake. Alifanya hivyo kwa upendo mtupu. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amewahi kula kwenye sahani ya peke yake, isipokuwa marehemu mumewe wiki aliyokuwa anakata roho.

Zohra alikaa jikoni na sahani yake, uso kwenye ukuta, akawasikia mama na mwana wanakula upande wa pili wa pazia. Walikuwa wawili tu sasa, na hawakuzungumza sana. Yeye hakufikiri kwamba anapumzishwa. Alifikiri, kwa akili iliyokuwa imeanza kupungua mwanga, kwamba kwanza waliondoa mtoto na sasa wanamwondoa mama, na kwamba huenda wako sahihi. Chakula alimpa paka. Alianza kulala mchana. Akaacha kutia wanja, akaacha kusikiliza kelele za dukani, na mteja akimwita Mama Shahbanu kutoka barabarani alijifanya hakusikia mpaka huyo mtu aende zake.

Mtu mmoja tu hakwenda zake. Alikuwa Avelina, mwanamke wa Bukoba, Mkristo, mke wa karani aitwaye Revelian aliyepangiwa nyumba kwenye kota mpya. Avelina alikuwa akija kununua tambi za chemli, na kwa kuwa alikuwa mgeni mwenye upweke wake mwenyewe, akazoea kuingia hadi uani na kukaa. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimenyooka, hakijui kuzunguka. Siku moja alimkuta Zohra anamwagia paka choroko. Hakusema kitu juu ya paka. Aliuliza mtoto anaendeleaje huko Lindi, akaambiwa mzima, akauliza amekwenda lini, akaambiwa, akatazama mikono ya Zohra.

“Kwetu mtu akipoteza mtoto anakaa chini, watu wanakuja kumlilia,” alisema. “Wewe nani alikulilia?”

“Mwanangu hajafa, dada.”

“Najua,” Avelina akasema. “Ndiyo maana nakuuliza.”

Tumbo la Zohra lilijikunja vibaya sana akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na Avelina akaweka kiganja mgongoni pake na kukiacha hapo bila kuuliza dawa iko wapi. Ilipopita, Avelina alimwendea Khatija dukani, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamwambia kwamba huyu mtoto wa watu akiendelea hivi hatafika mwaka ujao, na kwamba mjini yuko daktari wa Kihindi ambaye anasifiwa kwa kusikiliza. Khatija hakufurahi kufundishwa na jirani. Lakini mfupa ule alikuwa ameushika kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari alikuwa mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Alimpima Zohra kila mahali, akatazama choo chake kwa darubini, akabonyeza tumbo, akasikiliza moyo. Kisha akamuuliza saa anazoamka, na anaota nini, na lini alicheka mara ya mwisho, maswali ambayo Khatija aliona ni ya kupoteza muda. Mwisho alisema hakuna mnyoo, hakuna kidonda, hakuna safura ya kutisha, mbali na ile inayotokana na njaa.

Akawaeleza, taratibu, kama anayeeleza wenye duka. Juu ya figo zetu, alisema, kuna tezi mbili ndogo, kama vikofia. Mtu akikuta nyoka jikoni, tezi hizo zinamimina dawa yake kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, na tumbo linafunga milango, kwa kuwa huo si wakati wa kula, ni wakati wa kukimbia. Nyoka akiuawa, milango inafunguliwa na mtu anasikia njaa. Lakini yuko mtu ambaye nyoka wake haondoki. Tezi zinamimina asubuhi, zinamimina jioni, mwezi hadi mwezi. Tumbo likikaa limefungwa hivyo linaharibika, na likiharibika nalo linarudisha habari mbaya kichwani, na kichwa kinazidi kuogopa na kuhuzunika. Vinapelekeana maneno mabaya, alisema, kama majirani wawili waliogombana. Mengine bado yanachunguzwa huko Ulaya na yeye mwenyewe hayajui yote, lakini hili la tumbo na huzuni amelishuhudia mara nyingi kwa macho yake.

Kuhusu haluli alikuwa mkali. Utumbo si sakafu ya kusugua kila Ijumaa. Ndani yake wamo vijidudu vinavyotusaidia, ndugu wa hivyo vinavyogandisha mtindi, na mama alikuwa anavifagia pamoja na vibaya. Khatija aliinamisha kichwa.

“Anakula na nani?” daktari akauliza.

“Peke yake,” Khatija akasema. “Ili apumzike.”

Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda. Alisema mrudishe kwa watu. Kisha akamgeukia Zohra, akamuuliza nyoka wake ni nani. Zohra akasema hakuna kitu, daktari. Alisema hivyo na mama mkwe wake amekaa pale kando yake, na mama mkwe wake akamsikia, na kwa mara ya kwanza akaelewa kunyamaza kwa mtu huyu kuna nini ndani yake.

Walirudi kwa basi. Mchana huo Khatija aliichukua sahani ya bati yenye maua akaitoa nje, akamwekea Zohra mahali pake pa zamani. Zohra alikaa. Alionja chumvi. Akatazama pale penye pengo, na Khatija akatazama yanapokwenda macho yake, na hakuna aliyekula siku ile.

Mama na mwana waligombana, kwa sauti za chini, lakini ukuta ulikuwa mwembamba. Zoeb alisema mtoto hapewi watu leo akanyang'anywa kesho, kwamba atamtazama vipi kaka yake, kwamba Tahera atakufa. Khatija alisema, na hapa? Hapa anakufa nani? Zoeb aliinamisha macho kama siku ile mtoto alipoombwa. Basi Khatija akasema yeye ndiye aliyemtoa, yeye ndiye atakayemrudisha, na atakwenda Lindi kwa meli ya kwanza. Hakumuaga Zohra kwa maneno mengi. Alimwambia tu afue godoro la mtoto.

Nisikilize vizuri hapa, maana hizi ndizo siku zinazoniuma. Zohra alifua godoro. Alilianika uani, akaligeuza, akaligeuza tena. Akatoa vigauni vya mtoto, akaona ni vidogo, akafumua pindo akaziongeza. Alfajiri moyo ulikwenda mbio kama kawaida, lakini sasa alikuwa anaamka nao na kufagia. Siku ya tatu au ya nne alisikia kitu tumboni akadhani ni maumivu, akakaa chini kuyasubiri, na hayakuja. Ilikuwa njaa. Alikula chapati nzima amesimama mlangoni mwa jiko, mtindi unamchuruzika kidevuni. Zoeb alimwona kutoka dukani, akageuza uso, akajifanya anapanga misumari. Avelina alipokuja alimkuta anaimba. Wote wakaona tumbo limefunguka, na daktari alikuwa mkweli, na kilichobaki ni meli tu.

Meli ilikuja. Teksi ilisimama mbele ya duka saa za mchana, wateja wamejaa, na Zohra akatoka hadi kizingitini, kichwa wazi, mtandio umeanguka mabegani. Khatija alishuka. Zohra alitazama nyuma yake, ndani ya gari. Zoeb akatoa kapu la korosho, akatoa kifurushi cha nguo za mama yake, akafunga mlango.

Khatija alimshika mkono akampeleka uani, wakakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Alikuwa amezeeka njiani. Zohra hakuuliza kwa nini. Aliuliza kitu kingine.

“Anakula?”

“Anakula. Amenenepa.”

“Bado anaogopa giza?”

“Kidogo.”

“Analala na nani?”

“Na mama yake,” Khatija akasema.

Lilimtoka kabla hajajua, na likabaki pale katikati yao. Khatija aliziba mdomo kwa kiganja. Zohra akafungua wake, na kilichotoka kilikuwa sauti ambayo hakuna mtu wa Temeke aliyekuwa ameisikia, sauti ya mfiwa, ndefu, ya kutoka kitovuni. Dukani watu waliacha kuongea. Zoeb aliwatoa wateja, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze biashara, akaja akasimama uani mikono imelegea.

Khatija hakumwambia anyamaze. Alimkumbatia, na huku amemkumbatia akamsimulia yote, kwa kuwa aliona hakuna tena cha kumficha. Alikuwa amefika Lindi bila kutoa habari. Tahera alimwona tu mlangoni, akajua. Alishika tumbo, akakimbilia nyuma ya nyumba, akatapika, na Khatija alimkuta ameinama, jasho linamtoka, viganja vimelowa. Mtoto alimfuata akamshika miguu, analia, anamwita mama, mama. Khatija akakaa kule wiki nzima, na wiki nzima Tahera hakuweza kumeza hata maji.

“Nikaona ni ugonjwa wako uleule,” Khatija alisema. “Nikimchukua mtoto, ninauhamisha tu, kutoka nyumba hii kuupeleka ile. Nimeshindwa, mwanangu. Na kosa si lake wala si lako. Ni mimi niliyekuuliza mbele za watu, nikijua huwezi kujibu.”

“Nilimtaka mwanangu,” Zohra akasema. “Sikutaka kumtoa.”

“Najua.”

“Sikumtoa.”

“Hukumtoa,” Khatija akasema. “Tulimchukua.”

Avelina aliingia kwa mlango wa uani, amesikia kutoka kota. Alikaa chini kwenye mchanga na kuanza kulia naye, kama wanavyofanya kwao, na baadaye wakaja wanawake wawili wa Kiswahili kutoka ng'ambo ya barabara, wakakaa nao. Walikaa mpaka jua likaenda. Yalikuwa matanga ya mtu aliye hai, na Khatija, aliyekuwa akijali sana watu watasema nini, aliwachemshia chai.

Ningependa kusema kwamba alipona, lakini sipendi kudanganya. Hakuwahi kuwa tena yule mlaji wa Bagamoyo. Mtoto mwingine hakuja. Tumbo lilikaa naye kama mpangaji asiyehama, likitulia miezi, kisha likarudi ghafla, wakati mwingine kwa sababu ya msichana fulani aliyepita barabarani, wakati mwingine bila sababu yoyote. Lakini alikula. Alikula wali laini na mtindi, kwenye sinia, pamoja na wenzake, na nywele zake ziliota tena, fupi na laini kama za mtoto. Haluli ilitupwa. Tumbo likimshika, Khatija hakuuliza tena ni upande gani, wala kama amekwenda chooni. Alikuja akakaa karibu naye.

“Ni Shahbanu?” alikuwa akimuuliza.

“Ni Shahbanu, Mama.”

Basi wakakaa mpaka limpite, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wanawake wale wawili, na mwanamume alikuwa kati yao miaka yote hiyo akisikia na asiseme kitu. Mpaka mchana mmoja wa masika, mvua inapiga bati, watatu wamekaa kwenye sinia, Zoeb aliliacha tonge mkononi likapoa. Uso wake ulikuwa umetoka jasho. Aliweka mkono chini ya kifua akaukandamiza, kama alivyokuwa amemwona mkewe akifanya mara nyingi.

“Leo limenishika mimi,” alisema.

Hakuna aliyemuuliza ni nini. Zohra alimsukumia wali kidogo upande wake, akamwambia ajaribu, na wao wakaendelea kuchovya vidole polepole, kwa kuwa hakuna anayeinuka mwenzake akiwa bado anakula.